Mafungu Mepesi

Walikutana mlangoni pa kiwanda cha nguo, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia. Mshonaji mgeni alikuwa na gauni la njano na viatu vinavyombana. Mkata vitambaa alikuwa amebeba mafungu ya vipande vya kushonwa mpaka kidevuni, akampiga kikumbo.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Gauni la njano hulioni, na mkasi wanakuachia ushike?"

Tangu hapo simu hazikukatika. "Umekula, mpenzi?" "Umefika?" "Umelala?" Na jua lenyewe bado halijazama.

Haukupita muda, yule binti akatangazwa Mshonaji Bora wa Mwezi kwa kumaliza mafungu mengi kuliko wote. Picha yake ikabandikwa ukutani, akapewa na mapumziko ya siku mbili. Sifa ni tamu, anayezionja hutaka tena. Akawa hatulii, hata chai anainywa amesimama. Mwezi uliofuata akashinda tena.

Ndipo shangazi yake, aliyekuwa akishona kwenye meza ya jirani, akamwambia wakinawa mikono: "Hongera, mwanangu. Lakini umewahi kukuta kola kwenye fungu lako?"

Hakuwahi. Alikuwa akipata sketi tu, mishono iliyonyooka. Kola na mifuko, kazi za kumtoa mtu jasho, zilikwenda kwa wenzake. Na mgawaji wa mafungu alikuwa mkata vitambaa. Akamfuata palepale kwenye meza ya kukatia.

"Ni wewe?"

"Nilitaka ufurahi, kipenzi. Si ulikuwa ukirudi nyumbani unaimba?"

"Niliimba kwa sababu nilidhani ni mikono yangu."

"Mikono yako pia imo."

"Kiasi gani? Sasa sitajua kamwe, na aliyeninyima kujua ni wewe."

Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akaomba picha ishushwe na mafungu yagawiwe kwa kura. Siku zilizofuata simu ilipolia aliudhika, iliponyamaza akaudhika zaidi. Alimpenda yule mwanamume, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kazini aling'ang'ana na kola: anashona, anafumua, anashona tena. Mara nyingine alitamani kuacha kazi kabisa.

Mwisho wa mwezi shangazi akashinda. Yeye alikuwa wa saba, lakini kola yake ya mwisho ilikaa sawasawa, bila kupinda hata chembe. Aliigeuza huku na huku, akavua viatu chini ya meza, akapiga simu.

"Nimekuwa wa saba."

"Nimesikia. Pole, mpenzi."

"Pole ya nini? Nina furaha mpaka najishangaa."

Akamsikia akivuta pumzi. "Basi niruhusu nije nyumbani Jumapili, nizungumze na mama yako. Nataka kukuoa."

Moyo ulimwenda mbio. Alisubiri utulie, haukutulia.

"Njoo. Lakini nakuambia mapema, vyombo tutaosha wote. Na usije ukanichagulia vikombe, ukabaki na masufuria."