Pointi za Fundi Mizani

Asubuhi ile fundi mizani alikuwa amekaa uani akipima sukari. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amestaafu, na mtu aliyezoea kuzunguka mji hadi mji akirekebisha mizani za viwanda, hospitali na maduka hawezi kukaa bure. Mkewe alimtazama kupitia dirishani, akacheka peke yake, akarudi kwenye cherehani.

Mke huyu alikuwa mshonaji wa mapazia, na alisifika. Watu hawakujua kwamba mapazia yake mazuri kuliko yote alijifunza kwa kusikia tu. Mumewe, akiwa safarini, alilala kwenye hoteli za Mwavuli. Hizo ni hoteli zilizokuwa karibu kila mji mkubwa, zenye alama ya mwavuli wa bluu mlangoni. Akirudi nyumbani, kabla hajavua hata viatu, mke alimkalisha na kumhoji.

"Pazia lilikuwaje?"

"Yalikuwa mawili. La kwenye kioo jepesi, la huku chumbani zito. Ukilivuta lile zito, mchana unakuwa usiku."

"Limekunjwa vipi kule juu?"

"Mama watoto, mimi ni fundi wa mizani."

"Wewe eleza ulichoona."

Naye alieleza, akichora kwa kidole mezani. Kisha alifungua begi na kutoa sabuni ndogo ya hotelini, zawadi yake ya kila safari. Mke hakuzitumia sabuni zile. Alizitia kwenye kopo la biskuti, na siku nyingine alilifungua anuse tu.

Hoteli ambayo mume aliisimulia zaidi ilikuwa ile ya kilimani. Ukifungua pazia, alisema, unaliona bonde lote na barabara ya kurudi nyumbani. Mke aliitamani hoteli hiyo kwa miaka mingi. Hakuitamani kwa ajili ya fahari. Alitaka kuamka asubuhi moja mahali pazuri, mume akiwa kando yake, bila begi la safari kusubiri mlangoni.

Njia ya kufika huko ilikuwepo. Kila mume alipolala Mwavuli, hoteli ilimwandikia pointi kwenye kadi yake ya mteja wa kudumu. Pointi zikiwa nyingi, unalala bila kulipa.

"Zikitosha wiki nzima, tunakwenda kilimani, mimi na wewe," mume aliahidi.

"Hata usiku mmoja unanitosha."

"Usiku mmoja wa nini? Acha zikue."

Alizisema pointi zake kama mfugaji anavyosema ng'ombe wake. Mke alirudi kushona. Mume akiondoka tena, mke alichukua mto wa mumewe akaufungia kabatini, maana hakupenda kuuona ukiwa mtupu. Yeye alilala upande wake wa dirishani, kama siku zote. Wakati mwingine wivu ulimshika akamtania kwenye simu, "Wewe huko unajinyoosha kwenye kitanda cha watu watatu, unatuonea huruma kweli sisi?"

"Nalala tu, mke wangu," mume alijibu.

Watoto walikua, wakaoa na kuolewa. Mume akastaafu. Kadi ya Mwavuli ikabaki kwenye pochi yake, na safari ya kilimani ikabaki kuwa maneno.

Basi siku hiyo ya kupima sukari, mke alikwenda mjini kununua kitambaa. Alipopita mbele ya tawi la Mwavuli, aliona mafundi wawili juu ya ngazi. Walikuwa wanaung'oa ule mwavuli wa bluu. Chini kulikuwa na bango jipya lenye jina asilolijua, bado limefungwa kwa nailoni. Mke alisimama pale na kitambaa chake mkononi mpaka mwavuli uliposhushwa na kuegemezwa ukutani, karibu na mapipa ya taka. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, hata uzi alisahau kununua.

"Wanapaka rangi tu," mume alisema.

"Hawapaki rangi. Hoteli imenunuliwa. Nimemuuliza mlinzi. Pointi zetu ziko wapi?"

Mume alichukua simu akajaribu kuingia kwenye akaunti yake. Akaandika neno la siri, likakataa. Akaandika jingine, nalo likakataa. Simu ikamwambia kwamba maelekezo ya kubadilisha neno la siri yametumwa kwenye barua pepe yake. Alipoisoma anwani ya barua pepe hiyo, uso ulimbadilika. Ilikuwa ya kazini, na kazini walikuwa wameifunga tangu siku alipostaafu.

Akaanza kuhangaika. Akatafuta mtandaoni, akakuta ukurasa ulioandikwa kwamba wanasaidia wateja wa Mwavuli, akapiga namba iliyokuwa hapo. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole kupita kiasi.

"Usijali, mzee wangu. Nipe namba ya kadi. Vizuri sana. Sasa kuna namba imeingia kwenye simu yako hivi sasa. Nisomee, nikumalizie kazi."

Mume akavaa miwani. Akafungua mdomo asome. Mke akamwekea kiganja juu ya kioo cha simu.

"Kata."

"Lakini anasaidia."

"Mwenye kusaidia hana haraka hivyo. Kata, tukamuulize dada wa mapokezi."

Dada wa mapokezi alikuwa jirani yao, binti aliyefanya kazi mapokezi ya hoteli nyingine mjini. Walimkuta akianika sare zake. Aliwaamkia, akawatolea viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, umemwokoa," alisema. "Mzee, ile namba inayoingia kwenye simu ni ufunguo. Ukimsomea mtu, umemkabidhi mlango. Kampuni ya kweli haikupigii kukuomba ufunguo wako."

"Basi nimepiga wapi mimi?" mume aliuliza.

"Kwa mwizi. Wakati hoteli zinauzwa ndio wakati wao, wanajua watu wamechanganyikiwa. Geuza kadi yako. Umeiona namba hiyo nyuma? Hiyo ndiyo ya kupiga. Au nenda mwenyewe kwenye tawi."

Mke alikuwa na swali lake, alilokuja nalo tangu mjini. "Mwanangu, pointi zimekufa?"

"Hazijafa, mama. Hata kwetu hoteli iliuzwa, nikashinda siku nzima nawaeleza wageni jambo hili. Kampuni kubwa ikinunua ndogo, inachukua majengo, inachukua vitanda, na inachukua wateja pia. Wateja wenye pointi huwa wanahamishiwa kwenye mpango wa yule mnunuzi. Ila mara nyingi mwenye pointi lazima aseme ndiyo, nimekubali kuhama. Na kuna siku ya mwisho. Ikipita, ndipo zinakufa."

"Mbona hawakuniambia?" mume alilalamika.

"Walikuandikia, mzee. Tena pengine mara nyingi. Wamekuandikia wapi?"

Mume aliangalia viatu vyake. "Kazini."

"Ndiyo shida. Mtu unajiandikisha kwa barua pepe ya kazini kwa sababu iko karibu. Siku unaondoka, unaondoka na kila kitu isipokuwa hiyo. Kwa mambo yako mwenyewe, andika barua pepe yako mwenyewe na simu yako mwenyewe. Ukibadilisha, waambie."

"Na zikihama, zitakuwa zile zile?" mke aliuliza.

Dada wa mapokezi alisita kidogo. Hakutaka kuwavunja moyo, lakini hakuwa mtu wa kudanganya. "Hapo, mama, siwezi kukuahidi. Pointi si pesa ya benki. Ni ahadi ya kampuni, na kampuni inaweza kubadilisha masharti yake. Pengine usiku mmoja uliogharimu pointi chache sasa utagharimu nyingi. Ndiyo maana mimi huwaambia wageni wangu, ukizipata zitumie. Ukizilaza sana, unaamka umekuta nusu."

Mume alishika tama. Dada wa mapokezi akamalizia kuanika sare zake.

Kesho yake walikwenda kwenye tawi. Mume alibeba kadi, kitambulisho, na barua yake ya kustaafu. Mwavuli wa bluu ulikuwa bado umeegemea ukutani, na mke aliugusa kidogo alipopita. Karani aliangalia kitambulisho, akalinganisha majina, akaifuta ile barua pepe ya kazini na kuweka mpya, ambayo mtoto wao alikuwa amemfungulia baba yake. Kisha akawasomea masharti ya kuhama, taratibu, na mume akakubali. Siku ya mwisho ilikuwa wiki ileile. Mke aliomba karani awatumie uthibitisho, wala hakuondoka kwenye kiti mpaka ulipoingia kwenye simu.

Walipofika nyumbani, mume aliusoma uthibitisho ule, akausoma tena.

"Siku mbili," alisema. "Nilikuwa na wiki nzima, mama watoto. Zilikuwa zimeshazidi hata wiki. Kwa masharti haya mapya, kilimani ni siku mbili tu." Akasogeza kidole kwenye simu. "Lakini nimeona hapa kwamba mtu anaweza kuongezea kidogokidogo. Tukisubiri, labda mwakani..."

Mke alisimamisha cherehani. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Baba watoto, hizo pointi unazozihesabu kuwa zako, unajua ni nini? Kila moja ni usiku niliolala peke yangu. Mtoto akiumwa, niko peke yangu. Mvua ikigonga bati, niko peke yangu. Wewe ulikuwa unakusanya, na mimi nilikuwa nalipa. Sikuwahi kukuomba wiki. Nilikuomba tuende. Nilikutamani wewe, si hoteli. Nikisubiri tena mwaka, na hao wakanunuliwa na mwingine, nitakwenda lini?"

Mume akavaa miwani, akachukua simu, akamwita mkewe akae karibu ili waandike pamoja. Wakaomba chumba cha juu kinachoangalia bonde. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha jioni.

Wiki iliyofuata walisafiri. Mke alivaa gauni la harusi ya binti yake na kubeba futi yake ya kupimia vitambaa, kwa sababu alikuwa na jambo lake la kutazama huko. Mara tu mlango wa chumba ulipofunguliwa, hakuangalia kitanda wala bafu. Alikwenda kwenye mapazia. Akapapasa kitambaa, akageuza pindo, akainua kichwa kuangalia mikunjo ya juu.

"Ulinidanganya," alisema. "Mikunjo ni mitatu mitatu. Mimi miaka yote nawashonea watu miwili miwili."

"Nilikuambia mimi ni fundi wa mizani."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha mke akavuta pazia, na bonde likaonekana, na barabara ya nyumbani katikati yake, kama alivyosimuliwa. Hapo hakucheka. Alisimama akaitazama barabara ile mpaka mume akaja kusimama karibu yake.

Asubuhi, mume alishuka kuzungumza na mlinzi aliyemfahamu. Mke alibaki chumbani. Mlango ukagongwa, akaingia mhudumu wa vyumba, mama wa makamo mwenye mashuka mkononi. Alisalimia, akakitazama kitanda, kisha akamtazama mke, akatabasamu.

"Kumbe ndiye wewe."

"Mimi nani?"

"Mwenye upande wa dirishani." Mhudumu aliweka mashuka kitini. "Mimi nimetandika chumba cha mzee huyu tangu nikiwa kijana. Wageni wakilala peke yao wanakivuruga kitanda chote, mito huku na huku. Yeye nilikuta amelalia ukingoni tu, upande wa mlangoni. Upande wa dirishani shuka limenyooka kama nilivyoliacha, mto haujaguswa. Siku moja nikamtania, nikamwambia, mzee, kitanda chote hiki umelipia, jinyooshe. Akaniambia upande ule una mwenyewe."

Mke alikumbuka mto alioufungia kabatini safari baada ya safari, na maneno yale mume aliyokuwa akimjibu kwenye simu, kwamba nalala tu. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kubadilisha foronya zote mbili," mhudumu alisema, akainama kuvuta shuka.

"Niachie, dada," mke alisema. "Kitanda hiki nitakitandika mwenyewe."

Mhudumu alimwelewa. Akamwachia mashuka, akatoka na kufunga mlango polepole.

Mume aliporudi alimkuta mkewe amesimama kando ya kitanda, upande wa dirishani, ameshika pembe mbili za shuka.

"Unafanya nini? Si kuna wahudumu hapa?"

"Njoo," mke alisema. "Shika upande wako."