Waziri wa Vidonge vya Mulumba

Itangazwe kwa wakazi wote wa Manika, wakubwa kwa wadogo, pamoja na kuku wao: Mheshimiwa Falonne, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye Waziri wa Vidonge katika nyumba ya baba yake, Tata Ntambwe. Wizara yake ni kopo la biskuti lenye dawa, lililowekwa juu ya kabati. Gari lake la serikali ni kigoda anachopanda ili alifikie kopo hilo. Na asubuhi hii ya leo, Mheshimiwa Waziri amesinzia wima, ameegemea mlango wa jikoni, mwiko mkononi, na uji unaungua.

Tumsamehe kidogo. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa amechoka. Malori ya madini yalipita tangu alfajiri na kuacha vumbi jekundu juu ya nguo zilizoanikwa, nazo zikafuliwa upya. Tata Ntambwe alifanya kazi ya zamu ya usiku kule kwenye madini, Kingamyambo. Alirudi wengine wakiamka, akalala na viatu miguuni. Mama Elise hakuweza tena kubeba bidoni la maji, kwa sababu miezi michache iliyopita, huko India, alitoa figo yake moja akampa mwanawe Mulumba, kaka mkubwa ambaye Falonne humwita Yaya.

Lakini aliyechoka kuliko wote alikuwa Mulumba mwenyewe, kijana wa miaka kumi na saba. Yeye alichoka kumeza. Alikuwa na vidonge vya kuuzuia mwili wake usiikatae figo ya mama. Vidonge hivyo vililegeza pia kinga ya mwili, kwa hiyo alipewa kidonge kingine, kirefu, cha rangi ya waridi, cha kuzuia virusi visipate nafasi ya kumshambulia. Hicho kilipaswa kumezwa kizima, pamoja na chakula. Daktari Badibanga alilisema jambo hilo mara nyingi, mpaka hata kuku wa jirani wangeweza kulikariri.

"Yaya Mulumba, kula kwanza, halafu umeze," Falonne alimwambia kila asubuhi.

"Sina njaa."

"Uji haujakuuliza kama una njaa."

"Kidonge hiki kinakwama hapa." Mulumba aligusa koo lake. "Kirefu kama gari moshi la Lubudi."

"Basi fungua stesheni lipite."

Stesheni haikufunguka upesi. Mulumba aliguna, akakohoa, akakitema kidonge kiganjani, akaanza tena. Falonne alifika shuleni kengele ikiwa imekwisha kulia, akafagia uwanja pamoja na wachelewaji wengine. Jioni alichota maji, akaosha vyombo, akasinzia juu ya daftari.

Ndipo Mheshimiwa akabuni mpango. Katika nyumba nyingi za mtaa ule, mtoto akikataa kidonge cha malaria, kidonge husagwa kati ya vijiko viwili, kikatiwa sukari, na maneno yakaisha. Falonne hakuona sababu ya wizara yake kubaki nyuma. Alichukua kinu kidogo cha karanga, akakitwanga kidonge cha waridi, akaukorogea unga wake ndani ya kikombe cha uji wenye sukari nyingi.

"Kidonge kirefu kiko wapi?" Mulumba aliuliza alipoona vile vidogo tu.

"Kimefutwa. Amri imetoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya kabati."

Mulumba alicheka, akanywa uji wake, wala hakuuliza zaidi. Mtu aliyechoka haichunguzi habari njema.

Mpango ulikwenda vizuri. Falonne aliwahi shuleni. Hakufagia uwanja. Alianza hata kujisifu moyoni kwamba labda angefaa kuwa waziri wa mambo mengine pia.

Sasa turudi kwenye uji ulioungua. Asubuhi hiyo Falonne alichelewa kutoka, na kwa mara ya kwanza akaona jambo ambalo siku nyingine lilitokea akiwa amekwisha kwenda zake. Kwa desturi ya nyumba ile, kama nyumba nyingi za jamaa zao, mkubwa hamalizi chombo. Huacha kidogo chini, na kitinda mimba hupewa kile kilichobaki. Mkubwa hupata heshima, mdogo hupata furaha. Mulumba alikuwa ameacha uji chini ya kikombe, na Laure, mdogo wao wa miaka minne, alikuwa ameketi sakafuni akiukomba kwa kidole.

"Uji wa Yaya ni mtamu," Laure alisema. "Lakini huku chini ni muchungu."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya waridi.

Dawa iliyotuama chini ya kikombe ilikuwa tumboni mwa Laure. Na Mulumba, ambaye damu yake ilikuwa inachujwa na figo ya mama, alikuwa amekunywa sukari zaidi kuliko dawa.

Mama Elise akaingia, kinu kidogo mkononi. "Nani ametwanga kitu cha rangi humu? Nilitaka kutwanga karanga za mboga ya sombe."

"Labda ni Darlène," Falonne akasema. Darlène alikuwa mtoto wa jirani. "Juzi alikuja na chaki."

Mama alikitazama kinu, kisha akaanza kukipangusa kwa kidole. Laure naye akarudisha kidole ndani ya kikombe. Falonne akaona vidole vyote viwili kwa pamoja. Akakinyakua kikombe.

"Mama, usiguse. Si chaki. Ni kidonge cha Yaya."

Mama Elise hakupiga kelele. Aliketi polepole juu ya kigoda cha serikali, mkono ubavuni, pale penye kovu.

"Tata Ntambwe," aliita. "Amuka. Tunakwenda hospitali."

Walinawa mikono yote kwa sabuni, wakamwosha Laure uso, wakaondoka na pikipiki mbili. Daktari Badibanga, mama mwenye macho ya mtu aliyekesha, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza Mulumba na Laure watolewe damu.

"Imetokea mara ngapi?" aliuliza.

"Leo tu, Dokta," Falonne alijibu, akitazama viatu vyake.

"Na siku ya mvua," Laure alisema. "Na siku Tata alileta ndizi. Siku hiyo ilikuwa muchungu sana."

Tata Ntambwe alimgeukia binti yake, naye Mheshimiwa Waziri akainua macho kutoka kwenye viatu.

"Ni wiki nzima," alisema mwishowe. "Mi nilitaka tu asikwame. Nilitaka niwahi shule. Nimechoka."

"Na mi nilikuwa nikitema," Mulumba akasema kwa sauti ndogo. "Nilimpa kazi."

Daktari alivuta kiti karibu na Falonne. "Sikiliza. Kidonge hiki kina nguvu. Unga wake haufai kuguswa wala kuvutwa puani, hasa na mama mjamzito au mtoto. Kikivunjika kwa bahati mbaya, usikishike. Na kama umekishika, nawa kwa maji na sabuni. Humezwa kizima, katikati ya chakula, na maji ya kutosha. Hakigawiwi mtu mwingine, wala hakiachwi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Akishindwa kumeza, nileteeni shida hiyo. Kutafuta njia nyingine ni kazi yangu, si kazi ya kinu."

Majibu ya damu yalichukua siku kadhaa, na katika siku hizo hakuna aliyefanya mzaha nyumbani. Falonne alimtazama Laure akicheza, akamtazama Mulumba akilala, na usingizi wenyewe aliokuwa ameutamani ukamkimbia. Kisha daktari akawaita: damu ya Laure ilikuwa salama, na kwa Mulumba virusi havikuonekana.

Siku hiyo Mama Elise aliwaketisha wote. Kinu kilikuwa kimekwisha kutupwa.

"Falonne, sikukasirika kwa sababu ulichoka," alisema. "Uchovu si kosa. Hata mimi nimechoka, na baba yenu pia. Kosa ni kuuficha, halafu ukatafuta njia ya mkato kwa dawa ya mtu. Mwenye mzigo mzito husema 'nisaidieni'. Akinyamaza, mzigo humwangukia mwingine. Tangu leo kila mmoja ana asubuhi yake ya kusimamia dawa. Na Mulumba atakula na kumeza bila kusukumwa, maana figo hiyo ni yangu, nami bado naidai heshima yake. Uji wa Laure utakuwa na kikombe chake."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Falonne. Mulumba alimkuta mlangoni, mwiko mkononi, amefumba macho.

"Mheshimiwa, umelala?"

"Hapana. Natafakari."

"Uji unaungua."

Falonne alifumbua macho, akatazama sufuria, akamtazama kaka yake.

"Nimelala," alisema. "Nimechoka, Yaya. Nisaidie."

Mulumba akauchukua mwiko, akakoroga.