Njia ya Kuzunguka

Meno ya kijiko cha mashine ya kuchimba yalitoa udongo, yakatoa mizizi, kisha yakatoa mfupa wa paja wenye bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu. Dereva alizima mashine, akashuka, akagoma kupanda tena.

Inspekta Agnetha Kashindye alipofika Kanyenye alikuta nusu ya mtaa imejipanga ukingoni mwa mtaro. Tangu njia ilipofungwa ili kulaza mabomba mapya ya majitaka, watu hawa walikuwa wakiulaani mradi asubuhi na jioni. Leo hakuna aliyekumbuka kulalamika.

"Rudini nyuma!" alifoka. "Hapa si uwanja wa mpira."

Njia yenyewe ilikuwa ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara wakielekea Ujiji. Ilikuwa pana, imenyooka, na tangu enzi hizo hakuna aliyewahi kuilima wala kuijenga. Aliyemzika mtu humo alilijua hilo vizuri. Kashindye alichuchumaa, akalitazama fuvu. Kisogo kilikuwa kimepasuka.

Taarifa ya daktari ilitoka kesho yake. Marehemu alikuwa mwanamume, kijana bado, aliyepigwa kwa kitu kizito kutoka nyuma. Alikuwa amekaa ardhini miaka kumi hivi. Bamba lile alifungwa hospitalini baada ya kuvunjika mguu.

Mwanahawa, muuza vitumbua kando ya njia, aliposikia habari ya bamba hakuhitaji hata kufikiri.

"Huyo Erasmus, mtoto wa Mama Xavery. Aligongwa na pikipiki, akawa anachechemea. Lakini Erasmus alikwenda Dar, afande. Alipanda treni."

"Nani alimwona akipanda?"

"Kaka yake, Xavery. Ndiye aliyemsindikiza."

"Na mwingine?"

Mwanahawa aligeuza kitumbua kikaangoni. "Sisi wengine tuliambiwa na Xavery. Tumemsema sana yule mtoto, afande. Kamtupa mama yake, hana haya, Dar imemlewesha. Mungu atusamehe."

Neno la mtu mmoja halitoshi mahakamani. Xavery angeweza kusema mdogo wake alirudi, akauawa na wengine. Kashindye alirudi kwenye mtaro akiwa na hasira zake, akamkuta Zablon, msimamizi wa mafundi.

"Hii njia ya kuzungukia mliikata lini?"

"Hatukuikata, afande. Tuliikuta. Sisi tumeweka vibao na kamba tu."

Kashindye aliifuata kwa miguu. Ilianzia kwenye uzio wa minyaa wa nyumba ya kina Xavery, ikapita kwenye miiba nyuma ya vibanda, ikarudi kwenye njia kuu mbele kidogo ya lile shimo. Ilikuwa nyembamba, ya mguu wa mtu mmoja, na ardhi yake ilikuwa ngumu kama sakafu. Miguu haifanyi hivyo kwa siku chache za ujenzi.

Alirudi kwa Mwanahawa. "Kabla ya mradi, nani alikuwa anapita kule kwenye miiba?"

Mama yule aliangua kicheko. "Si Xavery huyo huyo! Hata awe na ndoo ya asali kichwani, lazima azunguke. Tunamtania, 'Wee Xavery, unamkimbia mkwe gani huko?'"

"Tangu lini?"

Kicheko kilimkauka. "Tangu... tangu mdogo wake alipoondoka."

Kashindye aliitazama tena ile njia nyembamba. Alilelewa na bibi Mnyamwezi ambaye angemchapa kofi kwa kukanyaga kaburi, hata la mtu asiyemjua. Sasa alikuwa na uhakika, na uhakika ule haukumfurahisha.

Mama Xavery alikuwa barazani akichambua mchele. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa jina la kifungua mimba wake. Mwenyewe alijiita Mama Erasmus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mmemwokota mtu njiani. Masikini, naye ana mama yake." Treni ilipiga honi mbali. Mikono yake ilisimama, akasikiliza. "Wangu yuko Dar. Ipo siku atashuka."

Xavery aliingia na ndoo yake ya asali, akaitua polepole alipoona sare.

"Siku ile ulimsindikiza Erasmus stesheni?"

"Ndiyo."

"Mlipita wapi?"

"Njia kubwa."

"Na kurudi?"

"Hiyo hiyo."

"Tangu hapo hujaipita tena. Kwa nini?"

"Matope, afande."

"Na kiangazi?"

"Nimezoea tu."

"Haya. Gari langu liko ng'ambo ya mtaro, koplo wangu ananingoja huko. Mafundi wamelaza mbao, mifupa imeshaondolewa. Twende kituoni, tupite njia kubwa."

Alitangulia. Xavery alimfuata mpaka kwenye mbao, akainua mguu, akaurudisha. Aliuinua tena. Kisha akakaa chini kwenye udongo mwekundu.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Kashindye.

"Nimenyamaza vya kutosha." Alikuwa akitazama mbao. "Alikuja kumchukua mama. Alikuwa amepata kibarua cha reli Tura, akataka wakaishi wote. Mama alipokuwa hawezi kusimama, mimi ndiye niliyemwogesha, afande. Mimi ndiye niliyempikia uji. Siku ile nikamkuta mama anafunga mizigo huku anaimba. Mimi hajawahi kuniimbia. Tukiwa nje Erasmus akaniambia, 'Kaka, sasa utapumzika.' Akageuka. Mchi ulikuwa pale ukutani."

"Kwa nini njiani?"

"Shambani watu wanalima. Njia haichimbwi. Nilimzika usiku, na ilikuwa masika, miguu ya watu ikafuta alama zote. Nikamwambia mama Erasmus ameghairi, amekimbilia Dar."

Fimbo iligonga ardhi nyuma yao. Mama alikuwa amewafuata, na alikuwa amesikia. Kashindye alijilaumu kwa kutomwacha koplo pale nyumbani.

"Kila asubuhi nilikuwa naenda misa kwa njia hii," alisema mama kwa sauti ndogo. "Na wewe ulikuwa ukizunguka."

"Nilishindwa kumkanyaga, mama."

"Na mimi ukaniacha nimkanyage."

Xavery alifunika uso. Koplo alikuja kutoka garini, akamfunga pingu, akamvusha akiwa amemshika kwapani.

Mama alibaki pale pale. Alivua ndala zake, akazishika mkononi. Aliitazama njia aliyoipita maisha yake yote kama mtu aliyepotea, kisha akamgeukia Kashindye.

"Mwanangu, nyumbani narudi kwa kupita wapi?"

Kashindye alimshika mkono, wakarudi kwa ile njia ya kuzunguka.