Gamba Lililogeuzwa Kinywa Juu

Jua lilikuwa linazama Sandrine alipofika kwa Papa Henri, mtaani Simi-Simi, na liboke yake ya samaki, bado ya moto ndani ya majani yake. Mama yake alimpikia mzee huyo samaki kila Ijumaa.

Papa Henri hakuinua hata macho. Alikuwa anachora.

Daftari lake lilijaa magamba ya konokono: ya bahari, aliyoletewa kutoka Muanda, na ya mto, aliyojiokotea mwenyewe. Alijiita mtaalamu. Sandrine aliitazama michoro ile kwa dharau. Vitunguu vilivyooza! Marehemu kaka yake Exaucé alichora vizuri zaidi mchangani, kwa kijiti, mstari mmoja bila kuinua mkono.

Kisha akaona uzi mwekundu.

Gamba lililokuwa mezani, kinywa juu, lilikuwa limefungwa uzi ule. Mama yake ndiye aliyeufunga, mwaka Exaucé alipozama kwenye maporomoko na mwili wake usionekane. Kwa wavuvi wa pale, aliyepotea hivyo huwekewa gamba chini ya nguzo ya mtego wa samaki wa familia, kinywa kikitazama chini. Ukiligeuza, anaita. Anayeitika, anakwenda naye.

"Papa Henri, ile gamba iko ya kaka yangu. Unirudishie."

"Konokono iko na dada?" Akacheka. "Bon. Weye ulifika darasa ya ngapi?"

"Ya sita..."

"Donc nyamaza. Gamba banachoraka kinywa juu. Ile njo sayansi."

Harufu ya matope ikajaa chumba. Ndani ya gamba, maji yakaanza kunguruma. Polepole...

"Sandri..."

Exaucé peke yake ndiye aliyemwita hivyo.

Sandrine akauma ulimi hadi damu.

"Nani anapiga kelele?" Papa Henri akainamia gamba kwa dhihaka. "Miye niko hapa! Unataka nini?"

Maji ndani ya gamba yakaacha kunguruma.

Sandrine akalinyakua gamba, akadandia toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi maporomoko. Akalirudisha chini ya nguzo, kinywa chini.

Asubuhi alikuta mlango wa Papa Henri wazi. Viatu vyake vilikuwepo. Liboke haikufunguliwa. Daftari lilikuwa limelowa, na katika ukurasa wa mwisho gamba lenye uzi sasa lilitazama chini. Lilichorwa kwa mstari mmoja, safi, bila kuinua mkono.

Mzee yule hakuwahi kuchora hivyo.

Sandrine alilipeleka daftari nyumbani. Alipokuwa bado analitazama, amelishika juu chini hata kinywa cha gamba kikawa juu, sauti ya mama yake ikatoka jikoni, laini.

"Sandri..."

Mama hakuwahi kumwita hivyo.

Sandrine hakuitika.