Kocha Asiyesuka Nywele

Siku ya mashindano, wasichana wa Harlow walianza na nywele kabla ya mpira. Jua la Oklahoma lilikuwa halijapanda vizuri na nyasi zilikuwa bado zina umande, lakini wao walikuwa wamekwisha kukaa juu ya masanduku ya barafu nyuma ya banda la timu, kila mmoja mbele ya mwenzake, wakisukana. Timu nzima ilitoka na misuko ya aina moja, miwili iliyobana kichwa, yenye utepe mwekundu mwishoni. Msichana aliyeingia uwanjani na nywele zinazopepea machoni aliulizwa kama amekuja kucheza softboli au kupigwa picha.

Raelynn Sutter, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa mbele ya Marisol Ybarra. Hao wawili walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu darasa la pili. Raelynn ndiye aliyewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, na Marisol alichuchumaa nyuma ya mpigaji akaudaka. Hakuna aliyeujua mkono wa Raelynn kumshinda Marisol.

"Hebu nishikie utepe hapa," Marisol alisema.

Raelynn aliinua mkono wa kulia. Ulifika usawa wa sikio ukagoma. Aliuma meno, akaushusha, kisha akapeleka wa kushoto.

"Bado unauma," Marisol alinong'ona.

"Nani kakwambia?"

"Nina macho, shoga. Siku hizi unakula vidonge vya maumivu kama peremende."

"Na mdomo pia unao. Ufunge."

Wakati huo Kocha Nadine Pruitt alikuwa anapita na ndoo ya mipira katika mkono wa kushoto. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi kama za mwanamume, na kofia ambayo hakuivua hata kanisani, kwa maneno ya watani wake. Nyuma yake alikuja binti yake Josie, mtoto wa miaka sita, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kila hatua. Nywele za Josie zilikuwa zimefungwa fundo moja lililoelekea upande.

"Kocha, leo utusuke wewe!" msichana mmoja alimwita.

"Mimi si msusi," Kocha alijibu bila kusimama. Jibu lake lilikuwa hilo hilo mwaka mzima.

"Anaringa," Raelynn alisema alipokwisha kupita. "Hata mtoto wake mwenyewe anatoka nyumbani kama katoka vitani."

Marisol alicheka, ingawa hakupenda kucheka.

Harlow nzima ilimjua Nadine Pruitt. Picha yake ilining'inia katika duka la matairi, juu ya mashine ya kahawa, mkono wa kulia umenyooka angani, mpira uko vidoleni, uso umejaa vumbi. Alipokuwa chuoni hapakuwa na mpigaji aliyemzoea. Mwaka wake wa mwisho aliibeba timu ya chuo mgongoni, akarusha mechi zote za mwisho wa juma moja la joto kali, asubuhi, mchana na jioni, hadi wakachukua kombe. Wanaume wa duka la matairi walisimulia habari hiyo kwa kutia chumvi kila mwaka. Hakuna aliyesimulia kwa nini hakucheza tena baada ya hapo. Walisema tu kwamba alichoka, akarudi nyumbani, akawa kocha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Harlow walilisema bila kulifikiria, na linaudhi hata kulieleza. Wavulana wanaocheza besiboli hurusha mpira kutoka juu ya bega, kwa hiyo walipangiwa siku za kupumzika na mipira yao ikahesabiwa. Wasichana wa softboli huzungusha mkono na kuuachia mpira chini, karibu na kiuno. Basi wakubwa wakaamini kwamba mkono unaorushia chini hauumii kamwe. Aliyewaambia hivyo hajulikani. Walirithishana maneno hayo, na kwa maneno hayo wakawarushisha watoto mechi juu ya mechi, huku wenyewe wamekaa vivulini wakila soseji.

Mechi ya asubuhi Raelynn alishinda. Wapigaji watatu wa mwisho walipunga magongo hewani, wakarudi kukaa. Baba yake, Wade Sutter, alikuwa ameng'ang'ania uzio wa waya akipiga mayowe hadi shingo ikawa nyekundu.

"Huyo ndiye binti yangu! Huyo ni Nadine mpya!"

Mchana ilikuwa fainali. Timu itakayoshinda ingekwenda mashindano ya jimbo, na tangu enzi za Nadine mwenyewe Harlow hawakuwa wamefika huko. Raelynn alikuwa ameota siku hiyo tangu anajifunza kufunga viatu. Alikwenda chooni, akameza vidonge viwili vingine kwa maji ya bomba, kisha akarudi akitabasamu.

"Mkono ukoje?" Kocha alimuuliza.

"Mzima."

Kocha alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Haya. Ingia."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Wasichana waliokuwa bandani waliimba nyimbo zao za kuchokoza, wakipiga ndoo na uzio, na wapinzani nao wakajibu kwa zao. Lakini kadiri jua lilivyozidi kuwaka, mpira wa Raelynn ulianza kuchelewa. Kila alipozungusha mkono, kitu kilimchoma ndani ya bega kikashuka hadi kiwikoni. Mpigaji mmoja aliupata mpira vizuri, akakimbia hadi kituo cha pili. Mwingine akaupata pia. Marisol alikuwa anarudisha mpira polepole makusudi, akimtazama rafiki yake kwa macho ya kusihi.

Kocha alimwomba mwamuzi asimamishe mchezo, akatembea hadi katikati ya uwanja. Hakuuliza tena mkono ukoje.

"Peleka mkono wa kulia nyuma ya kichwa," alisema. "Shika utepe wako."

"Kwa nini?"

"Shika utepe, Raelynn."

Raelynn aliinua mkono. Ulifika usawa wa sikio, kama asubuhi. Aliusukuma kwa nguvu, machozi yakamlengalenga, vidole vikatetemeka hewani mbali kabisa na utepe. Kocha akanyoosha kiganja.

"Nipe mpira."

"Kocha, tafadhali! Tumebakiza kidogo tu!"

"Nipe mpira."

Aliutoa. Kocha akamwingiza Opal, msichana mdogo mwenye miwani ambaye mpira wake ulikwenda kwa adabu mno. Kwenye uzio Wade alilipuka.

"Nadine! Una wazimu? Mrudishe! Anarushia chini, mkono hauwezi kuumia!"

Wazazi wengine walimsaidia kupiga kelele. Opal masikini alirusha kwa kadiri ya uwezo wake, na wapinzani wakaupiga mpira wake pande zote za uwanja. Harlow walifungwa. Wenzao wa upande wa pili walirukiana na kulia kwa furaha, kisha timu zote mbili zikapanga foleni ya kupeana mikono kama ilivyo desturi. Raelynn hakuingia kwenye foleni hiyo.

Alikuwa bandani. Kocha alipoingia, Raelynn alirusha glavu yake chini ikagonga ndoo, mipira ikatawanyika.

"Una wivu!" alipiga kelele mbele ya timu yote. "Umeona nitakupita, ndiyo maana umenitoa! Wewe uliacha kwa uoga, sasa unataka na mimi niache!"

Wasichana waliacha kufungua viatu. Marisol alijifunika uso. Wade naye alikuwa ameshafika mlangoni, anahema.

"Mtoto kasema kweli," alisema. "Umetunyima jimbo, Nadine. Kwa lipi? Kaumwa kidogo? Wewe ulirusha siku nzima, hukufa!"

Hapo Kocha Pruitt alikasirika. Hakuwahi kukasirika hivyo mbele yao. Uso ulimbadilika rangi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, lakini kila mtu bandani aliisikia.

"Wade Sutter, wewe ulikuwepo siku ile. Ulisimama kwenye uzio kama leo. Ulikuwa unasema nini?"

Wade alipepesa macho. "Nilikuwa nakushangilia."

"Ulikuwa unasema, mwacheni arushe. Wewe na Harlow nzima. Mwacheni arushe! Sasa tazama mlichokishangilia."

Alivua kofia akaiweka benchini. Kisha akainua mkono wa kulia, ule wa kwenye picha. Ulipanda hadi kifuani ukasimama. Alijaribu kuupandisha zaidi, bega likatetemeka, jasho likamtoka usoni, lakini mkono haukusogea.

"Mwisho wake ni hapa," alisema. "Na vidole vinakufa ganzi kabla sijamaliza msuko mmoja. Mnaniita niwasuke, mnadhani naringa. Nywele zangu nilizikata kwa sababu sikuweza kuzifunga. Za Josie anafunga jirani, na siku jirani hayupo, nafunga kwa mkono mmoja. Mnacheka, nawasikia."

Josie alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu na mbegu zake. "Mama, usilie," alisema.

"Silii, mama. Nina hasira."

Raelynn alijiona mdogo kuliko Josie. Alikumbuka maneno yake ya asubuhi kuhusu mtoto aliyetoka vitani, akatamani ardhi immeze.

"Kocha wangu wa chuo aliniuliza mkono ukoje," Kocha aliendelea, sasa akimtazama Raelynn peke yake. "Nikamwambia mzima. Alijua nadanganya. Mimi pia nilijua kwamba anajua. Alitaka kombe, nami nililitaka, basi tukakubaliana na ule uongo. Kombe liko kabatini chuoni, na mimi siwezi kumsuka mwanangu. Leo nilikuuliza, ukanijibu vile vile. Nilikuruhusu uingie, na hilo ni kosa langu, sitalirudia. Haya, nakuuliza tena. Mkono ukoje?"

Raelynn alimtazama baba yake, kisha Marisol, kisha mkono wa Kocha uliokuwa umeshuka ubavuni.

"Unauma," alisema. "Unauma hata nikilala. Nimekuwa nikiiba vidonge kwenye droo ya mama."

Wade alikaa benchini kwa uzito, karibu ampige kumbo Opal.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungesema narushia chini, Baba."



Daktari alipoupima mkono, naye alikasirika. Alisema kano za bega zimechanika kidogo, na kama angeendelea kurusha kiangazi hicho zingekatika kabisa. Alimkataza kushika mpira hadi baridi iishe, akampa mazoezi ya kunyoosha bega, akamwambia Wade aifungie ile droo ya vidonge. Raelynn alilia usiku ule, kwa maumivu kidogo na kwa hasira nyingi. Alimkasirikia daktari, akaukasirikia mkono, akajikasirikia mwenyewe. Asubuhi alifanya mazoezi yake yote bila kukumbushwa.

Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua yalipofika, Harlow walikuwa tena kwenye mashindano. Daktari alikuwa amemruhusu Raelynn kurusha, lakini kidogo kidogo, na siku hiyo haikuwa zamu yake. Alikaa juu ya sanduku la barafu, Josie amekaa kwenye nyasi mbele yake, kichwa kimeinama. Raelynn alimsuka misuko miwili iliyobana, akafunga utepe mwekundu.

"Umenivuta," Josie alilalamika.

"Vumilia. Unataka kuonekana umetoka vitani?"

Uwanjani Opal, ambaye mpira wake sasa ulikuwa umepata makali, alimwendea Kocha bila kuitwa katikati ya mchezo. "Kocha, bega linaniuma kidogo," alisema. Kocha alimshukuru, akamtoa.

"Mwacheni arushe!" baba mmoja mgeni alipayuka kutoka kwenye uzio. "Si anarushia chini tu!"

Wade Sutter aligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Wee bwana, funga mdomo wako," alisema. "Ukitaka mtu arushe, ingia urushe mwenyewe."

Kocha alisikia. Alirudi bandani akasimama nyuma ya Josie, akaitazama misuko ile kwa muda mrefu. Alipapasa mmoja kwa mkono wa kushoto.

"Kocha, bado umenikasirikia?" Raelynn aliuliza.

"Nilikukasirikia siku ile tu. Waliobaki kwenye uzio nitawakasirikia mpaka nizeeke." Aliivuta kofia chini kidogo. "Wewe sikiliza, na wenzako wote wasikie. Watu watakushangilia maadamu unarusha. Mkono ukishaharibika, watakwenda kumshangilia mwingine, na mkono mbovu utabaki nao wewe nyumbani. Kwa hiyo ukiulizwa kama unaumwa, sema kweli, hata kama ni fainali. Na usipoulizwa, sema vile vile."

"Ndiyo, Kocha."

"Haya, msogeze huyo. Marisol naye anataka kusukwa."