Uyoga wa Watu Wawili

Saa kumi na mbili jioni niliingia mitini nyuma ya nyumba yetu hapa Katy, Texas, nina kijiko cha jikoni na mfuko wa karatasi. Daktari alishaniambia: leta uyoga mmoja mzima, mpaka chini ya shina, tujue ni aina gani. Bila hivyo wanabahatisha, na ini la mume wangu Severin haliwasubiri. Mimi ni nesi, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Severin ni mbishi. Siku mbili kabla ya hapo nilitoka shifti nikakuta kamaliza sufuria nzima ya uyoga.

"Ni uleule wa kwetu Iringa," akasema. "Kuna mama kule mitini kanionyesha."

Nikamcheka. Mama gani wa Iringa aje kuchuma uyoga Texas?

Sasa nimepiga magoti. Vishina vitupu, Severin alivikata kwa kisu kama tunavyokata nyumbani. Nikachimba. Vimeoza vyote, uji mtupu. Nikalia kwa hasira.

Halafu... harufu ya moshi wa kuni.

Mwanamke aliyejifunga kanga ameinama hatua tano mbele, kanipa mgongo.

"Shikamoo mama," nikanong'ona.

"Marahaba, Yasinta."

Jina langu sikumtajia.

"Mume wangu anakufa. Nipe mmoja tu, mzima."

"Nilimpa wa watu wawili. Wewe hukula."

"Nilikuwa kazini."

"Basi chukua wa kuwaonyesha. Wako nitakufunikia."

Hakugeuka. Uyoga ulikuwa tayari mkononi mwangu, mweupe, wa baridi, na kifuko kama kikombe chini ya shina. Nilikimbia.

Mtaalamu wa uyoga aliutambua kwa kile kikombe: wa sumu, unaua. Wakabadilisha dawa. Siku ya tatu Severin akafumbua macho, nikamshukuru Mungu mpaka sauti ikakauka. Mtaalamu aliuliza jambo moja tu: ule udongo mwekundu kwenye shina niliutoa wapi? Wa huku Katy ni mweusi. Mwekundu naujua wa Iringa.

Severin akanishika mkono.

"Yule mama anauliza kama umekula."

Nilirudi nyumbani peke yangu. Mezani, sahani moja imefunikwa, kama anavyofunikiwa mtu aliyechelewa. Nikafunua: uyoga. Nikaumwaga wote, nikaiosha sahani.

Jana niliikuta tena.

Leo ipo, bado ya moto. Na mimi, Mungu nisaidie, nina njaa.