Kunguni wa Barabara ya Nane

"Una viti vingapi leo?"

"Vitatu. Vyote vimekaliwa."

"Kimoja kina kunguni."

Simu ikakatwa.

Semeni Mhina aliitia Samsung yake mkobani, akawageukia wageni watatu waliokuwa wakimsubiri chini ya mnara wa saa. Tabasamu halikumpotea usoni. Kwa miaka mitatu watu wa Tanga walimjua kama mwanamke anayewatembeza wageni mjini kwa miguu, akiwaonyesha majumba ya Wajerumani na milango ya kale. Waliojua kwamba chini ya buibui lake mlikuwa na Glock 19 walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tangu juzi, kidole kimoja kilikuwa kimepungua.

Tahiri, mwenzake katika kazi ya siri ya usalama, aliokotwa mtaroni kule Nguvumali, koo limekatwa. Kabla hajafa alikuwa ametuma ujumbe. Baruti ya kulipua matangi ya mafuta ilikwisha kuingia mjini. Fataki za kuiwashia zingeletwa na mtu aliyejichanganya na watalii. Bila fataki hizo, baruti ile ni mzigo tu.

Mtu huyo ni nani? Tahiri hakuwahi kusema, na mkuu aliyepiga simu alijua tu kwamba ni mmoja wa hawa watatu.

"Haya jamani, tufuatane," Semeni alisema. "Jua la Tanga halina subira."

Mbele alitangulia Lukas, kijana wa Kizungu mwenye kamera ya Nikon iliyomfika tumboni. Nyuma alifuata Mzee Ernesti, mwalimu mstaafu kutoka Lushoto, magoti mabovu, kila ukuta ana swali nao. Aliyemshika mkono mzee kila walipokuta mtaro alikuwa Mathew, mchora ramani za majengo kutoka Dar es Salaam. Kiunoni Mathew alining'iniza futi kamba ya kupimia, kubwa, ya mviringo, kama sahani.

Walipita boma la kale. Wakavuka reli, wakaingia Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Semeni alisimulia, huku macho yake yakifanya kazi nyingine. Lukas alipiga picha hata paka. Mzee aliuliza hata bei ya chokaa. Mathew alisifia kila mlango.

Hakupima hata mmoja.

Hilo pekee halikutosha kumtoa mtu roho. Semeni akaamua kutega: mwenye miadi njiani hangekubali kubadilishiwa njia.

Kila Jumamosi msafara wake ulipita Barabara ya Nane. Leo, walipofika konani, alikata kushoto.

"Tunapita Barabara ya Saba. Ya Nane wanachimba bomba."

"Sawa tu, mwanangu," alisema Mzee Ernesti, akihema.

Lukas alikuwa anapiga picha njiwa.

"Lakini dada, kwenye tangazo lako umeandika ya Nane," alisema Mathew. Sauti ilikuwa ya upole. Kidole gumba, hata hivyo, kilikuwa kikikimbia juu ya simu.

Semeni akaubonyeza mkufu wake.

"Kunguni ni Mathew," alinong'ona. "Barabara ya Saba. Lakini anaitaka ya Nane, ipekueni."

Sauti ya Zebedayo, mkuu wake, ikamjibu kwenye kifaa kilichofichwa sikioni. "Dakika sita. Usianze peke yako."

Dakika sita!

Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yao. Phoenix nyeusi ilisimama, akashuka fundi baiskeli wa Barabara ya Nane, ovaroli imejaa grisi. Semeni alikuwa akisalimiana naye kila Jumamosi. Leo fundi hakumtazama. Alimnyooshea Mathew mkono, na Mathew akaanza kuifungua futi kiunoni.

"Iache hapo hapo!"

Glock ilikuwa imetoka.

Mathew alikuwa mwepesi. Alimvuta Mzee Ernesti kifuani kwake, akachomoa Makarov. Lukas aligeuka kukimbia. Risasi ikampata pajani, akaanguka juu ya kamera, kioo kikapasuka.

"Weka chini, dada. Mzee huyu hana kosa."

Semeni aliyaona macho ya mzee. Yalikuwa yamekauka kwa hofu, lakini yalikuwa yanasikiliza.

"Mzee," alisema polepole, "yaachie magoti."

Mwalimu alielewa. Aliporomoka kama gunia la muhogo. Mathew akabaki ameshika hewa, kifua wazi.

Risasi mbili.

Mathew alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

Semeni hakuwahi kugeuka. Bisibisi ya fundi ilizama katika mkono wake wa kushoto hadi kwenye mpini. Glock ikamponyoka. Mnyororo wa baiskeli ukamzunguka shingo, ukakaza, na dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Alipiga kisigino nyuma. Goti la fundi likalia kama ukuni mkavu. Mnyororo ukalegea kidogo.

Kidogo kilitosha.

Aliing'oa bisibisi kwenye nyama yake mwenyewe, akaizamisha shingoni mwa fundi.

Wanawake wa mtaa wakaanza kupiga mayowe.

Semeni alipiga magoti, akaipasua ile futi. Ndani hamkuwa na utepe. Fataki thelathini zilipangwa kwenye pamba.

Land Cruiser ilifunga breki. Zebedayo akaruka chini.

"Nilikuambia usianze peke yako!"

"Wameanza wao. Baruti?"

"Tumeikuta ya Nane, dukani kwa fundi aliyeacha mlango wazi, chini ya matairi. Yote."

Vijana wa Zebedayo walimbeba Lukas. Mzee Ernesti alisimama, akatoa leso mfukoni, akamfunga Semeni jeraha.

"Ahsante, mzee wangu. Unisamehe kwa matembezi haya."

Ndipo Semeni akauona mkono wa fundi. Saa ya Casio ya plastiki, mkanda umeshonwa kwa uzi mweusi. Semeni alikuwa amekaa karibu na Tahiri siku Tahiri alipoushona mkanda huo. Akainama, akaifungua, akaifuta damu kwa upindo wa buibui.

"Hiyo ni kielelezo," alisema Zebedayo.

"Ni ya mjane wa Tahiri."

Zebedayo akamwachia saa ile. Akafungua mlango wa gari. "Basi panda. Damu inakutoka."

"Kwa mjane ni Mabawa tu, si mbali."

Semeni aliokota Glock, akaificha, akashika njia kwa miguu, upande wenye kivuli, bila haraka.